Nusu lita: hesabu ya damu kwa mama mjamzito wa Bukavu

Chupa ndogo ya maji inayouzwa Nyawera au Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, hubeba nusu lita. Mwanamke akipoteza damu ya kiasi hicho ndani ya saa 24 baada ya mtoto kutoka, waganga husema amevuja damu kupita kiasi. Lakini kwenye maternite, yaani wodi ya uzazi, hutokea jambo ambalo kipimo hicho peke yake hakielezi. Mama mmoja hupoteza nusu lita na jioni anakunywa uji akimnyonyesha mtoto wake. Jirani yake wa kitanda cha pili amepoteza pungufu ya hapo, na tayari vidole ni baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, akiitwa hajibu.

Tofauti yao ilianza miezi mingi nyuma. Yule wa kwanza alifika na akiba ya damu, wa pili alifika akiwa na deni. Ndiyo maana tunaieleza damu ya uzazi kuanzia kabla ya mimba, ingawa inaonekana kwa macho siku moja tu.

Damu inaongezeka, lakini inakuwa nyepesi

Mwanamke wa kilo 55 asiye na mimba ana damu ya karibu lita 3.8. Mimba ikifika mwezi wa tisa, damu hiyo imekaribia lita 5.5. Nyongeza hii ndiyo ulinzi wake wa siku ya kujifungua. Tatizo ni kwamba maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kama vile mchuzi wa maharage ulioongezwa maji kwa sababu wageni wamefika. Chungu kimejaa, lakini maharage ni yaleyale. Kwa hiyo hemoglobini, yaani ule wekundu unaobeba hewa safi mwilini, hushuka kidogo kwa kila mjamzito. Kushuka kidogo ni kawaida. Chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, au chini ya 10.5 katika miezi ya katikati, huo ni upungufu wa damu. Chini ya 7 ni hatari kubwa, na mama wa namna hiyo hapaswi kurudishwa nyumbani na vidonge tu.

Hapa Bukavu kuna jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ya mji inapanda juu zaidi ya hapo. Kwenye miinuko hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili hutengeneza hemoglobini zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linataka kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko. Kwa urefu wa mji huu tunaondoa karibu gramu 1. Mama aliyeandikiwa 11.4 kwenye fishi (kadi) yake ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, akaambiwa damu yake ni nzuri, kwa hesabu iliyorekebishwa ana karibu 10.4. Katika miezi mitatu ya mwisho huyo ana upungufu wa damu na anahitaji matibabu.

Kutazama ngozi ya ndani ya kope la chini, ulimi na viganja husaidia kumgundua aliyeishiwa damu sana. Aliye na 9 au 10 mara nyingi macho hayamgundui. Lazima damu ipimwe.

Chuma, foliki, na kikombe cha chai

Mimba moja inamdai mama karibu gramu 1 ya madini ya chuma: sehemu inakwenda kwa mtoto na kondo la nyuma, sehemu inajenga chembe nyekundu mpya, na sehemu hupotea wakati wa kujifungua. Gramu moja inaonekana kidogo, lakini wanawake wengi hawana hata nusu yake kwenye akiba, hasa wenye hedhi nzito na wale waliozaa mwaka jana. Chakula kinasaidia. Maini, nyama na sambaza hutoa chuma ambacho mwili unakipokea kwa urahisi. Maharage, lengalenga na sombe vina chuma pia, lakini kinaingia kwa shida mpaka kiongozwe na vitamini C: limau lililokamuliwa juu ya mboga, chungwa, pera au marakuja baada ya kula. Rangi nyekundu haina kazi hapa. Tomato ya kopo iliyokorogwa kwenye maziwa, au soda nyekundu, haiongezi damu hata ikinywewa kila siku.

Chakula peke yake hakitoshi kulipa gramu hiyo, ndiyo maana kuna kidonge. Kile kinachotolewa CPN kwa kawaida kina miligramu 60 hivi za chuma na miligramu 0.4 za foliki, ile vitamini inayomlinda mtoto anapoanza kuumbwa. Kinamezwa kimoja kila siku, tangu kipimo cha kwanza hadi mwisho wa mimba. Kwa miezi sita hiyo ni vidonge 180. Aliyekutwa na upungufu hupewa miligramu 120 za chuma kwa siku hadi damu irudi, kisha anaendelea na kimoja. Mama akimeza sawasawa, baada ya mwezi kipimo kinapaswa kuwa kimepanda kwa karibu gramu 1. Kisipopanda, tusimlaumu kabla ya kutafuta malaria, minyoo au ugonjwa wa chembe mundu (selimundu).

Kwa nini kidonge hushindwa? Sababu ya kwanza tunayoikuta ni chai. Majani ya chai, na kahawa vilevile, hushika chuma tumboni na kutoka nacho. Mama anayemeza kidonge chake asubuhi pamoja na chai na mkate anatupa sehemu kubwa ya dawa. Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, na chai isubiri angalau saa moja. Ya pili ni udongo. Wajawazito wengi huutamani, na mara nyingi tamaa hiyo yenyewe ni ishara ya kukosa chuma. Udongo nao hukishika chuma, na unaweza kuleta mayai ya minyoo. Anayekula udongo asikemewe, apimwe damu. Ya tatu ni kichefuchefu: ameze usiku kabla ya kulala, baada ya kula kidogo. Choo kuwa cheusi si ugonjwa, ni chuma kilichobaki. Na ile hofu kwamba vidonge vitamfanya mtoto awe mkubwa mno ashindwe kutoka haina msingi. Ukubwa wa mtoto hautokani na chuma.

Pakiti iwekwe juu, mbali na watoto. Vidonge vichache tu vya chuma vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili.

Foliki ina habari yake. Mfereji unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Siku hizo mama anadhani hedhi imechelewa tu. Anayekuja kuanza foliki mwezi wa nne amefika mlango ukiwa umeshafungwa. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba aanze miligramu 0.4 kila siku angalau mwezi mmoja kabla, aombe kidonge hicho kituoni hata kama tumbo bado ni tupu.

Malaria haiogopi baridi ya Bukavu

Wengi husema hapa mbu ni wachache. Ni kweli kwamba ni wachache kuliko Uvira au Kamituga. Lakini mwanamke aliyekulia kwenye baridi ana kinga ndogo ya malaria, na safari moja ya kwenda msibani katika bonde la Ruzizi inatosha. Kwa mjamzito vijidudu hujificha ndani ya kondo la nyuma, huko huharibu chembe nyekundu na kumnyima mtoto chakula, wakati mwingine bila homa yoyote na kipimo cha kidole kikisema hakuna kitu.

Ndiyo maana tunatoa SP, dawa ya kukinga malaria, ambayo wengi bado wanaiita Fansidar: vidonge 3 kwa mara moja, vinamezwa mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kisha tena kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Anayemeza foliki ya miligramu 5 inabidi aseme, kwa sababu kiasi hicho kinaidhoofisha SP. Ile ya 0.4 haina shida. Mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli (dawa ya kuzuia maambukizi) hapewi SP, dawa hizo mbili ni ndugu na zikikutana hudhuru. Baada ya miezi mitatu ya kwanza huongezwa dawa ya minyoo, mebendazoli miligramu 500 au albendazoli 400, mara moja.

Kipimo cha kwanza cha CPN kinapaswa kuwa kabla ya wiki ya 12. Pale mama asikubali kuondoka bila kundi la damu na Rhesus (alama nyingine ya damu, chanya au hasi) kuandikwa kwenye fishi. Kama ni Rhesus hasi na mtoto akazaliwa na Rhesus chanya, kuna sindano ya kinga inayopaswa kuchomwa ndani ya saa 72, la sivyo mwili wa mama unaweza kujifunza kushambulia damu ya mtoto atakayefuata. Sindano hiyo ni ghali na haipatikani kila duka la dawa. Inatafutwa mwezi wa saba. Kuanza kuitafuta usiku wa kujifungua ni kuchelewa.

Watu watatu na njia ya kushuka

Damu ya kuongezewa haitoki kwenye mashine, inatoka kwa mtu. Kila familia inahitaji watu wawili au watatu waliokubali mapema, wenye afya, waliovuka miaka 18 na kilo 50, na wanaojua kundi lao. Damu yao itapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na hilo linachukua muda ambao mama anayevuja hana. Afadhali wachangie wiki chache kabla, ili hospitali iwe na chupa tayari. Baba wa mtoto kufika mlangoni na kusema «Chukueni yangu» ni upendo mkubwa, lakini mama akiwa O na yeye akiwa A, damu hiyo haiwezi kumwingia mkewe.

Njia nayo ipangwe. Kwenye vilima vya Kadutu kuna nyumba ambazo gari halizifikii. Mama anashushwa kwa tipoyi (machela ya kubebwa na watu) au mgongoni hadi barabarani. Nani atambeba saa nane usiku? Dereva gani anakubali kuja usiku? Simu yake inapatikana? Kama usiku huo usalama si mzuri, je, kuna ndugu karibu na maternite ambako mama anaweza kulala wiki ya mwisho? Pesa ya safari iwekwe pembeni kupitia likirimba (chama cha kuchangiana) au mituele ya afya (bima ya pamoja), isichanganywe na ya nguo za mtoto. Aliyewahi kuvuja damu, aliyezaa mara tano au zaidi, mwenye mapacha, mwenye kovu la upasuaji au hemoglobini ya chini, ajifungulie moja kwa moja kwenye hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji, kama Hospitali ya Mkoa au Panzi, ambayo ilianzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya uzazi salama. Hata hivyo, wengi wanaovuja hawana hata moja ya sababu hizo. Kwa hiyo kila anayejifungua ajiandae.

Dakika ambazo zinahesabiwa

Mwishoni mwa mimba, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa inalilisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni msuli wenyewe: nyuzi zake zimepishana kama ukindu kwenye kikapu, zinapojikaza hunyonga mishipa iliyopita katikati. Msuli ukilegea, mishipa inabaki wazi. Karibu visa saba kati ya kumi vya kuvuja damu vinatokana na kulegea huko. Vingine vinatokana na kipande cha kondo kilichobaki ndani, mchaniko, au damu isiyoganda.

Mtoto akishatoka, mkunga anahakikisha hakuna pacha, kisha ndani ya dakika moja anachoma oksitosini, dawa inayokaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye paja. Kitovu hakikatwi mara moja. Kinasubiri kati ya dakika 1 na 3 ili mtoto apokee damu yake na chuma chake cha miezi ya kwanza. Kondo linatakiwa kutoka ndani ya dakika 30 na linatazamwa pande zote mbili kama limekamilika.

Oksitosini inahitaji kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili na frigo ikawa kabati tu, dawa inapoteza nguvu, lakini ndani ya kichupa inabaki maji safi yaleyale. Hakuna jicho litakalojua. Mama anayechagua mahali pa kujifungulia aulize bila aibu: «Dawa ya kuzuia damu mnaiweka wapi umeme ukienda?» Kituo kisicho na ubaridi wa uhakika kinaweza kutumia misoprostoli, vidonge 3 vya mikrogramu 200 kwa mdomo, baada ya mtoto kutoka. Dawa hizi mbili hazichezewi kabla ya mtoto kutoka. Oksitosini inayochomwa kwenye msuli ili kuharakisha uchungu, au dawa ya miti inayonyweshwa nyumbani kwa nia hiyohiyo, inaweza kukaza mji wa mimba mpaka ukapasuka.

Kisha mkono. Mkunga mzuri anamfundisha mama mwenyewe: «Mama, leta kiganja, weka hapa kwenye kitovu. Unasikia kitu kigumu, kama embe bichi?» Mama anatikisa kichwa kukubali. «Kikiwa laini kama mkate, sugua kwa kuzunguka mpaka kikaze, na uniite. Usingoje damu ionekane.» Kila dakika 15 kwa saa mbili za kwanza mkono urudi pale. Kibofu kiwe tupu, kwa sababu mkojo uliojaa unausukuma mji wa mimba juu na kuuzuia kukaza. Mtoto kunyonya mapema husaidia, titi likinyonywa mwili hutoa oksitosini yake.

Kukadiria damu kwa macho hudanganya, karibu kila mara tunaona pungufu ya iliyotoka. Ng'ambo ya Tanganyika, mkoani Kigoma, wakunga wa jadi walifundishwa kuhesabu kanga: ya pili ikilowa, mama apelekwe. Vikwembe vyetu havilingani na kanga wala havinywi damu sawa, kwa hiyo hesabu ile isihamishwe ovyo. Mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, unaowekwa chini ya mama, unasema kweli. Mwaka 2023, utafiti katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulijaribu kutumia mfuko huo, kisha kufanya yote kwa pamoja bila kusubiri hatua moja ishindwe: kusugua tumbo, oksitosini, asidi traneksamiki (dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke), maji ya mshipani, na kutafuta chanzo. Visa vya kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa kuvuja damu vilipungua kwa asilimia 60. Traneksamiki hutolewa gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kila robo saa ya kuchelewa inaipunguzia nguvu.

Ikitokea njiani, mama alale chali, afunikwe, miguu iinuliwe, aendelee kusuguliwa tumbo. Kumketisha wima katikati ya watu wawili kwenye pikipiki wakati anazimia kunaondoa damu kichwani. Kama hakuna gari, tipoyi ni bora kwa hatua za kwanza. Nguo isishindiliwe ukeni. Inaficha damu, haiizuii.

Wiki sita ambazo nyumba imejaa wageni

Damu ya siku tatu au nne za kwanza ni nyekundu, halafu inakuwa ya kahawia, mwisho majimaji meupe ya manjano hadi wiki ya 4 au ya 6. Ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, likitoka bonge kubwa kama limau, au ikinuka huku mwili una joto, huenda kuna kipande kilichobaki au maambukizi. Arudi hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni siku ya 20. Kichwa kinachouma sana na macho kuona giza katika siku hizo ni hatari pia, presha ya mimba inaweza kupanda baada ya kujifungua. Kukandwa kwa maji ya moto sana kumewaunguza wamama tumbo na mshono. Maji vuguvugu ya kuoga yanatosha, na mama aliyepasuliwa asikandwe tumbo.

Apimwe ndani ya saa 24, siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6. Mara nyingi mtoto ndiye anapimwa na mama anabaki ameshika begi. Aombe hemoglobini yake ipimwe pia. Vidonge vya chuma vinaendelea kwa wiki 6 hadi 12, na kwa aliyevuja sana visikatishwe kabla ya kipimo kusema.

Gramu ile ya chuma hairudi haraka, ndiyo sababu mimba nyingine isubiri angalau miezi 24. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Spirali, yaani kitanzi cha ndani ya mji wa mimba, inaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua au baada ya wiki 4. Kijiti cha mkononi kinawekwa hata kabla mama hajatoka maternite. Zungumzeni na mkunga mwezi wa nane, mume akiwepo ikiwezekana, maana siku ya kujifungua hakuna anayesikiliza maelezo. Na siku atakapokwenda kuitoa spirali ili apate mwingine, awe ameshaanza foliki mwezi mmoja kabla.